Kutuliza Maumivu ya Wagonjwa Wenyi Kukaribia Kufa: Historia Yake na Fundisho Lake kwa Sisi wa Kolwezi



Mara nyingi katekista anakuja kuita padri usiku. Anasema: kuna mugonjwa katika mutaa, hali yake ni mbaya, inafaa apewe sakramenti. Padri anachukua mafuta matakatifu na kwenda. Akifika anakuta mutu mwenyi kansa, ao mwenyi mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la shimo. Maumivu yake ni makali hata hawezi kufuata sala. Tunasoma sala, tunamupaka mafuta, tunamwambia aunganishe mateso yake na mateso ya Kristu. Kisha tunarudi kwetu, na yeye anabaki na maumivu yale mpaka asubuhi.

Je, kazi yetu imeisha pale? Wako Wakristu wengi, hata kati ya sisi wenyi kufundisha wengine, wanaofikiri kwamba kwa mugonjwa asiyeweza kupona hakuna neno tena la kufanya, isipokuwa kumwambia avumilie. Wengine wanaogopa dawa zenyi nguvu. Wanasema: dawa hizo zinaua, ao zinaondoa akili, ao zinamunyima mutu mastahili ya mateso yake.

Tumeona vema kuuliza historia juu ya jambo hili. Historia inatuonyesha kwamba Eklezia imetunza wenyi kufa tangu zamani sana. Kwamba namna ya kutuliza maumivu yao ilipatikana polepole, na sehemu yake kubwa katika nyumba za masista. Na kwamba namna hiyo, ikitazamwa vizuri, ni kazi rahisi inayoweza kufanywa nyumbani. Kwa sisi wa Kolwezi neno hili la mwisho ni kubwa, kama tutakavyoona.

I. JINA LENYEWE

Kwa Kifaransa matunzo haya yanaitwa «soins palliatifs». Waseminari wanaojifunza Kilatini watatambua mara moja neno «pallium», ndiyo joho ya kujifunika. «Palliare» ni kufunika kwa joho. Zamani waganga walitumia neno hilo kwa zarau kidogo: walitaka kusema matibabu yanayofunika ugonjwa bila kuuponya. Karibu na mwaka 1975, munganga mumoja wa Montreal, kule Canada, jina lake Balfour Mount, alilichukua neno lile na kulipa heshima. Alitafuta jina lenyi kufaa kwa watu wa Kifaransa vilevile, na tangu pale jina limeenea dunia nzima.

Maana yake ni hii: ugonjwa ukiwa hauponi tena, mutu bado yupo. Basi tunatunza mutu. Tunatuliza maumivu yake, kutapika kwake, kukosa pumzi kwake, vidonda vyake. Hatuharakishi kifo, wala hatukizuii kwa nguvu wakati saa yake imefika.

II. ZAMANI: KITANDA, MAJI NA MUKATE

Karibu na mwaka 370 Mutakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, alijenga nje ya muji wake nyumba kubwa kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Miaka makumi mbili hivi nyuma yake, kule Roma, mwanamuke mukubwa jina lake Fabiola aliuza mali yake, akafungua hospitali, na Mutakatifu Yeronimo anashuhudia kwamba yeye mwenyewe aliosha vidonda ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitazama. Katika mwaka 1113 Papa Paskali II alithibitisha shirika la Wahospitali wa Mutakatifu Yoane kule Yeruzalemu.

Lakini mwalimu mukubwa wa kazi hii ni Mutakatifu Kamilo wa Lellis (1550-1614). Huyu alikuwa askari na mucheza-kamari. Alikuwa na kidonda ku mguu ambacho hakikupona mpaka kufa kwake. Kwa ajili ya kidonda kile alilala katika hospitali ya Mutakatifu Yakobo ya Wasiopona kule Roma, akaona kwa macho yake namna wagonjwa walivyotunzwa na watu waliofanya kazi kwa mushahara tu. Nyuma alikusanya wenzake, wakaweka naziri ya kutumikia wagonjwa hata wakati wa tauni. Watu waliwaita mapadri wa kifo chema. Tuangalie vizuri: Kamilo hakuanza na mahubiri. Alianza na shuka safi, chakula cha moto, na hewa nzuri katika chumba. Katika mwaka 1886 Papa Leo XIII alimufanya kuwa musimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, pamoja na Mutakatifu Yoane wa Mungu.

Katika karne hizo zote mapendo yalikuwa mengi, lakini dawa zilikuwa chache. Mutu mwenyi kansa aliweza kuoshwa, kulishwa na kuombewa. Maumivu yenyewe yalibaki.

III. DAWA INATOKA KATIKA UA

Kuna ua ambalo utomvu wake unaitwa afyuni. Watu wa zamani walijua kwamba afyuni inatuliza maumivu na kuleta usingizi. Shida yao ilikuwa hii: nguvu yake haikuwa sawasawa. Leo kipande kidogo hakifanyi kitu. Kesho kipande kilekile kinaua.

Karibu na mwaka 1805, katika muji wa Paderborn kule Ujerumani, muuza-dawa kijana Friedrich Sertürner alifaulu kutoa katika afyuni kitu cheupe ambacho ndicho nguvu yake. Alikiita kwa jina la Morfeo, mungu wa ndoto wa Wagiriki: ndiyo morfini. Alipoandika tena juu yake katika mwaka 1817, waganga wa Ulaya walisikia. Tangu pale dawa iliweza kupimwa. Karibu na mwaka 1853 ilipatikana sindano, na morfini iliingia hospitalini kwa njia ya sindano.

Lakini pamoja na faida ilikuja hofu. Watu wasio na maumivu walijizoeza morfini na kuwa watumwa wake. Mataifa yaliweka sheria za kuilinda. Mapatano makubwa ya mwaka 1961 yalisema maneno mawili pamoja: dawa hizi zilindwe sana, na tena haziwezi kukosekana kwa kutuliza maumivu, kwa hiyo wagonjwa wazipate. Neno la kwanza lilishikwa mahali pote. Neno la pili lilisahauliwa mahali pengi.

Kwa sababu ya hofu hiyo waganga walingoja mugonjwa alie kwanza. Akilia sana, walimupiga sindano. Alilala. Akiamka, maumivu yamerudi, naye anaanza tena kulia na kuomba. Hivi mugonjwa alifikiri juu ya sindano mchana na usiku, na watu walisema: tazama, amekuwa mutumwa wa dawa! Kumbe alikuwa mutumwa wa maumivu.

IV. NYUMBA ZA WENYI KUFA: LYON, DUBLIN, LONDON

Kule Lyon, Ufaransa, mujane kijana Jeanne Garnier, aliyefiwa na mume na watoto wake wawili, aliunganisha wajane wenzake katika mwaka 1842. Walifungua nyumba kwa wanawake wenyi magonjwa yasiyopona, wale ambao hospitali hazikuwataka tena. Katika mwaka 1879, kule Dublin, Masista wa Mapendo wa Irlandi, walioanzishwa na Mama Mary Aikenhead, walifanya nyumba ya namna hiyo mahali pale ambapo mama yao huyo alikufa. Katika mwaka 1905 masista haohao walifungua nyumba ya Mutakatifu Yozefu kule Hackney, mutaa wa maskini na wafanya-kazi upande wa mashariki wa London.

Katika nyumba hiyo ya Hackney aliingia, mwaka 1958, Cicely Saunders (1918-2005). Hakuwa Mukatoliki, alikuwa Muanglikani mwenyi imani kubwa. Alikuwa kwanza muuguzi, nyuma mutunza-maskini wa hospitali, na mwisho, katika mwaka 1957, munganga. Mbele ya kuwa munganga alikuwa amesaidia kwa moyo, tangu mwaka 1948, katika nyumba nyingine ya wenyi kufa, ya Mutakatifu Luka, kule London. Pale wauguzi walikuwa na desturi ambayo haikujulikana mahali pengi: walimupa mugonjwa morfini ya kunywa kwa saa zilizopangwa, mbele maumivu hayajarudi.

Kwa Masista wa Hackney alikuta upendo mwingi, lakini saa haikufuatwa. Basi alianza kuipanga. Nguvu ya morfini ya kunywa inakaa karibu saa ine. Kwa hiyo mugonjwa anapewa kila saa ine, akilia ao asipolia. Aliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa zaidi ya 1,000. Aliona nini? Aliona kwamba maumivu yakizuiliwa hivi, kipimo hakipandi bila mwisho; kwamba akili ya mugonjwa inabaki safi, anaweza kuzungumza, kusali na kuaga watoto wake; na kwamba utumwa wa dawa haukuwa shida kwa wagonjwa hao waliopewa dawa kwa ajili ya maumivu ya kweli. Katika mwaka 1967 alifungua kule London nyumba ya Mutakatifu Kristofa, ambayo imekuwa shule ya dunia nzima. Katika miaka ya 1970 waganga wa nyumba hiyo walipima dawa mbalimbali zilizochanganywa na pombe na vitu vingine, wakaona kwamba morfini iliyotiwa katika maji tu inatosha.

Cicely Saunders alifundisha tena neno lingine. Alisema kwamba maumivu ya mwenyi kufa ni ya mutu muzima: mwili unauma, moyo unaogopa, jamaa inahangaika, feza inakosekana, na roho inauliza kwa sababu gani. Sisi Waafrika hatushangai kusikia hivi. Padri Placide Tempels, Mufransiskani aliyefanya kazi miaka mingi katika Katanga, aliandika katika kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, mwaka 1945, kwamba kwa Waluba kila ugonjwa na kila jeraha ni kupunguka kwa nguvu ya uzima. Wazee wetu hawakuweka mwili huku na roho kule. Kwao, mwenyi kumuondolea mutu maumivu alirudisha uzima ndani yake.

V. NENO LA PAPA PIUS XII

Wakati Cicely Saunders alipomaliza masomo yake, jambo kubwa lilitokea Roma. Waganga wa Italia wenyi kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa walikuwa wamemuletea Baba Mutakatifu maulizo matatu. Katika tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu.

Ulizo la kwanza: Je, Mukristu amefungwa na sheria ya kukataa dawa ya maumivu na kupokea mateso yote? Papa alijibu: hapana, sheria ya namna hiyo kwa watu wote haiko. Mutu anaweza kuchagua mwenyewe kuvumilia kwa ajili ya mapendo ya Kristu, na tendo hilo ni zuri. Lakini maumivu makali yanaweza vilevile kumaliza nguvu za roho na kumuzuia mutu kufikia mema makubwa zaidi.

Ulizo la pili: Ni halali kupunguza ufahamu wa mugonjwa kwa dawa? Papa alijibu: ni halali kama kuna sababu kubwa na kama mugonjwa amekwisha kutimiza kazi zake za lazima, ndiyo kuungama, kupatana na watu, kupanga mambo ya jamaa yake. Asinyimwe ufahamu wake bila sababu.

Ulizo la tatu: Ni halali kumupa mwenyi kufa dawa ya maumivu, hata kama pengine itafupisha siku zake? Papa alijibu: ni halali, kama hakuna njia nyingine, na kama nia ni kuondoa maumivu, si kuondoa uzima. Leo waganga wamejua kwamba morfini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo. Kwa hiyo shida ya ulizo la tatu imepungua sana. Lakini kanuni inabaki.

Fundisho hilo halikubadilika. Tunalikuta katika tangazo la Roma la tarehe 5 Mei 1980 juu ya kuua wagonjwa kwa huruma ya uongo, katika barua ya Yoane Paulo II «Evangelium Vitae» ya mwaka 1995, na katika barua «Samaritanus bonus» ya mwaka 2020. Zote zinakataza kumuua mugonjwa, na zote zinasifu kutuliza maumivu yake.

Pengine mutu atasema: Yezu ku Kalvario alikataa divai iliyochanganywa na manemane. Ni kweli. Lakini alikataa kwa ajili yake mwenyewe. Hakumunyima mutu mwingine. Yeye aliyekataa kikombe kile ndiye aliyetupa mufano wa Musamaria, ambaye alianza na mafuta na divai juu ya vidonda, si na mafundisho. Padri ana ruhusa kukataa dawa kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Hana ruhusa kuikataa kwa ajili ya mwili wa jirani.

VI. KWETU KATANGA: HOSPITALI YA KOMPANI

Sasa tutazame kwetu. Mwanzo wa utawala wa Wabelgi, watu wa Kongo waliona hospitali kwanza kwa sura ya lazareti, ndiyo kambi ambapo wagonjwa wa usingizi walifungiwa mbali na jamaa zao. Wengi waliingia, wachache walitoka. Tusishangae kama wazee wengine wamebaki na hofu ya kufia mbali na kwao.

Union Minière ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Miaka ya kwanza wafanya-kazi waliletwa kutoka mbali, wengi bila wake zao, na homa ya mapafu na kuhara damu viliua wengi. Karibu na mwaka 1928 Kompani iligeuza mpango: ilitaka wafanya-kazi wakae na wake zao na watoto wao, ikajenga makambi, dispensari, nyumba za uzazi na hospitali. Njia ya treni ya kutoka Tenke mpaka Dilolo ilimalizika mwaka 1931, na karibu na mwaka 1937 muji wa Kolwezi ulisimama kati ya machimbo ya Ruwe, ya Musonoi na mengine.

Tuseme haki: hospitali za Kompani zilikuwa nzuri, na watu wengi waliponeshwa mule. Lakini zilikuwa na shabaha yake: kumurudisha mufanya-kazi kazini. Kwa mutu asiyeweza kurudi tena kazini, mpango ulikuwa mara nyingi kumurudisha kwao, katika kijiji chake. Hospitali ilijua kuponya, haikufundishwa kusindikiza.

Nyuma ya mwaka 1967 mali ya Union Minière ilikuwa ya taifa, na Gécamines iliendelea na kazi ileile: mushahara, unga, shule, matunzo ya mufanya-kazi na jamaa yake. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa kila mwaka shaba zaidi ya tani 450,000. Kisha, katika Septemba 1990, chimbo la Kamoto, lililo chini ya udongo, lilianguka. Matata ya inchi yaliongezeka juu yake. Katika mwaka 1994 shaba haikufika tani 40,000. Katika mwaka 2003 wafanya-kazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliosimamiwa na Banki ya Dunia. Ndio wale tunaowaita «departs volontaires».

Waliotoka walipoteza mushahara, na pamoja na mushahara walipoteza kitanda cha hospitali. Muzee aliyezoea kupata dawa kwa karata ya kazi aliombwa feza ambayo hakuwa nayo. Leo, tangu mwaka 2015, Kolwezi ni muji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Kompani mpya zimekuja kwa ajili ya shaba na kobalti, na zile zenyi kutunza watu wao zinatunza wale walio na mapatano ya kazi. Muchimbaji wa mikono, mama wa sokoni, mujane wa Gécamines hawamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo ku Kolwezi wagonjwa wengi wasiopona wanalala nyumbani, katika chumba kimoja na watoto. Nani anayewafikia? Jirani, katekista, watu wa jumuiya ndogo za Wakristu. Desturi hiyo si ngeni hapa kwetu. Ni ku Kolwezi ambapo, mwanzo wa miaka ya 1950, Padri Tempels aliona kuzaliwa kwa Jamaa, waume kwa wake, watu wa makambi, waliotembeleana na kufundishana maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Historia ya Jamaa ina matata yake ambayo hatutayaeleza leo. Lakini kuingia katika nyumba ya mwenzako kwa ajili ya uzima wake ni neno ambalo Kolwezi ilijifunza zamani.

VII. CHUPA YA KAMPALA

Je, kazi ya London inawezekana katika nyumba ya maskini wa Afrika? Jibu lilitoka kwa majirani. Nyumba ya kwanza ya matunzo haya katika Afrika ilianza Harare, mwaka 1979. Ile ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Katika mwaka 1993 munganga Anne Merriman, Mwingereza wa Liverpool aliyekuwa zamani sista katika shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, alifika Kampala. Mbele ya kuanza aliomba neno moja kwa serikali ya Uganda: morfini ya kunywa iruhusiwe kuingia.

Dawa yake ilikuwa rahisi sana: unga wa morfini, maji safi, kitu kidogo cha kuizuia isiharibike, na rangi ili watu wasikosee nguvu yake. Ile ya kijani ni ya nguvu ndogo. Chupa ilipelekwa nyumbani, na jamaa ya mugonjwa ilifundishwa kupima na kuangalia saa. Katika mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hii kuandika morfini, kwa maana waganga walikuwa wachache na vijiji vingi. Na mugonjwa anaipata bila kulipa.

Tulinganishe sasa na dunia. Waganga wenyi elimu walioandika mwaka 2017 walihesabu kwamba dawa za namna ya morfini zilizogawanywa duniani kila mwaka, kati ya 2010 na 2013, zilifika karibu tani 298.5. Inchi maskini zote pamoja zilipata tani 0.1. Kweli, mugonjwa maskini analia kwa sababu hatukumupelekea dawa. Si kwa sababu dawa haiko duniani.

VIII. MAFUNDISHO KWA SISI

Kipimo cha dawa ni kazi ya munganga na muuguzi. Sisi tusiingie mahali pao. Lakini mwenyi kutembelea wagonjwa anapaswa kujua mambo haya.

1. Maumivu. Katika mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia liliweka kanuni tatu: dawa ya kunywa, dawa kwa saa, dawa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni dawa kama parasetamoli. Ya pili ni kama kodeini. Ya tatu ni morfini. Dawa ya ngazi moja isipotosha, tunapanda. Hatungoji mugonjwa alie.

2. Choo. Morfini inafunga tumbo karibu kwa kila mutu. Mwenyi kuinywa apewe vilevile dawa ya kulainisha choo. Kule Uganda, dawa ya duka isipopatikana, walitumia mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa.

3. Kutapika. Siku za kwanza za morfini wengine wanatapika. Iko dawa yake, na neno hili linapita kwa siku chache. Watu wa nyumbani wasitupe chupa.

4. Kukosa pumzi. Mugonjwa aketishwe kwa mito, dirisha lifunguliwe, watu wapungue chumbani, apepewe usoni. Muuguzi anaweza kutoa morfini kidogo, nayo inatuliza hofu ya kukosa hewa.

5. Kidonda chenyi harufu. Harufu inafukuza marafiki mbele ya kifo. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Wauguzi wanajua kunyunyiza juu yake vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa.

6. Kinywa na ngozi. Midomo ilowanishwe kwa kitambaa safi, kinywa kisafishwe kwa maji yenyi chumvi kidogo. Mugonjwa ageuzwe kila saa mbili hivi, shuka zikae kavu, ili asitokwe na vidonda vya kitanda.

7. Siku za mwisho. Mwenyi kufa hataki tena chakula. Tusimulazimishe. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Jamaa inahitaji kusikia neno hili kutoka kwetu, isije ikajihukumu.

Na padri? Kwanza, mbele ya kufungua kitabu cha sala aulize: unaumwa wapi, na usiku unalala? Kama mugonjwa halali kwa maumivu, muuguzi aitwe siku ileile. Pili, sakramenti ije mapema. Mutaguso wa Vatikano II ulisema mwaka 1963 kwamba Mupako wa wagonjwa si kwa wale tu wenyi kukata roho, na kawaida mpya ya mwaka 1972 imeufuata. Mugonjwa anayeungama wakati akili yake ni safi anatimiza lile aliloomba Pius XII, na nyuma ya hapo dawa haina la kuogopesha. Tatu, padri asema waziwazi katika mahubiri kwamba kunywa morfini iliyoandikwa na munganga si zambi wala si kujiua. Ine, ofisi za majimbo yetu zenyi kusimamia hospitali na dispensari, ile tunayoita BDOM, zipeleke ombi kwa wakubwa wa serikali ili morfini ya kunywa ifike mpaka kwa mugonjwa kwa njia ya sheria, na wauguzi wafundishwe. Ombi hilo halitajifanya lenyewe. Uganda ilipata kwa sababu kuna mutu aliyeomba.

Tumalize na neno la Kilatini, kama tulivyoanza. Mutakatifu Martini alikata joho yake ku mulango wa muji wa Amiens ili amufunike maskini mwenyi baridi. Joho ile, «cappa», ilitunzwa na Wafranki, na mapadri waliowekwa kuilinda waliitwa «capellani». Kwa hiyo jina la kapelani na jina la matunzo haya yote mawili yametoka katika nguo ya kumufunika mwenyi kuteseka. Martini hakumuuliza maskini yule kama baridi ile ina mastahili. Alikata joho. Wanaobaki sasa ni wagonjwa wa mitaa yetu, na usiku wao ni murefu.